Kinyerezi: mume anataka pevingi uwanja mzima, jirani wa chini analia na maji

Mama Wawili
Habari za leo wadau. Niko Kinyerezi, kiwanja kina mteremko. Masika iliyopita uwanja ulikuwa tope tupu, sasa baba watoto kapata pevingi kwa bei nzuri, anataka tufunike kote, getini mpaka jikoni. Maji yetu tayari yanaingia kwa jirani kupitia tundu la ukuta. Mzee wa watu kaja juzi na heshima zake: "Mwanangu, mkishaweka hayo matofali mimi nihamie wapi?" Fundi anasema tuyatoe barabarani, na barabara yenyewe imeshakuwa korongo. Nasikia kuna bustani za kunyonya maji. Zikoje?

Dogo wa Tabata
Toa barabarani tu dada, mbona kila mtu anafanya hivyo.

Fundi Ukoka
Dogo, hayo ya barabarani yanashukia mto Kinyerezi, Kinyerezi unaingia Msimbazi, na Msimbazi ukijaa unajua mwenyewe bonde la Jangwani linavyofurika. Tunaulaani mto, kumbe maji mengine yametoka kwenye mabati yetu.

Dada, piga hesabu kwanza. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 150 likipata milimita 40, ni lita 6,000. Kwa hiyo funga gata, weka simtanki, na bomba la kumwagia ziada lielekee bustanini.

Bustani yenyewe haina matuta, inazama. Chimba sentimita 20, chini pawe sawa kabisa (tumia pima maji, usikadirie kwa macho), udongo uliotoka ujenge ukingo upande wa bondeni. Mita 4 kwa 3 inashika lita 2,400 kwa mkupuo, na yanaendelea kuzama huku mvua inanyesha. Yanapoingilia panga mawe, la sivyo yatachimba. Acha pia njia ya mawe ya kutokea siku ya mvua kubwa. Kaa mbali na msingi wa nyumba na shimo la choo. Ukingoni panda vetiva (nyasi za mizizi mirefu zinazoshika udongo), ndani mimi napenda magimbi: yanavumilia kulowa na unayala.

Kabla hujalipa mtu, chimba shimo la futi moja, jaza maji, yakiisha jaza tena. Kesho yake likiwa kavu, panafaa. Likishinda na maji siku mbili, huo ni mfinyanzi, utafuga mbu bure.

Mama Wawili
Asante sana fundi. Shimo la karibu na geti limekauka usiku huohuo. La karibu na ukuta wa mzee bado lina maji. Shida ni kwamba geti liko juu.

Fundi Ukoka
Maji ya paa yatafika tu getini kwa bomba, kwa sababu yanaanzia juu zaidi. Ya uwanjani ndiyo hayapandi. Kwa hayo, pevingi ziishie njia ya gari, zilale juu ya mchanga na kokoto bila kuzibwa kwa saruji, na mita mbili za mwisho kabla ya ukuta ziwe ukoka mtupu. Halafu hilo tundu asije mtu akaliziba kwa hasira. Maji yakikosa pa kupita yatausukuma ukuta, na utamwangukia mzee.