Sera ya mahindi inayofuata kalenda ya uchaguzi: nani atatujibu?

Jameni, nimekasirika na sifichi. Mvua imeanza Trans Nzoia, majirani wenye pesa zao wameshapanda, na mama yangu bado anasubiri ujumbe wa simu wa kumruhusu kununua mbolea ya ruzuku. Mwaka jana ujumbe huo ulipofika, alikodi pikipiki hadi kwenye depo akaambiwa imeisha, arudi Jumatatu. Mahindi yaliyochelewa kupandwa hayangoji Jumatatu. Mimi niko hapa Umoja, kazi yangu ni kutuma nauli, na bado nanunua unga kwa bei ile ile ya kila mtu Nairobi.

Msinielewe vibaya, sipingi ruzuku. Septemba 2022 serikali mpya ilipoacha kufidia unga na kuelekeza pesa kwenye mbolea, niliunga mkono. Mfuko wa kilo 50 ukashuka hadi 3,500, kisha 2,500 mwaka 2023. Ilikuwa afadhali kuliko ule unga wa shilingi 100 wa Julai 2022, uliotangazwa kwa wiki nne tu wakati pakiti ya kilo mbili ilikuwa imepita 200. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Na 2017? Unga wa shilingi 90, meli ya mahindi ya Mexico ikatia nanga Mombasa, na uchaguzi tena ulikuwa Agosti. Mwaka uliofuata wakulima wa North Rift, yaani kaskazini mwa Bonde la Ufa, walikesha na malori nje ya mabohari ya NCPB, bodi ya serikali ya nafaka, wakidai pesa zao, huku tuhuma zikizagaa kwamba wafanyabiashara wachache ndio waliouza na kulipwa mabilioni. Mtu aliyepata hasara 2018 utamshawishi vipi aongeze ekari?

Lakini hata mbolea yenyewe tunaifanyia siasa. Serikali inahesabu mifuko. Kila hotuba ni mifuko milioni kadhaa. Hakuna anayetuambia ni mashamba mangapi yamepimwa udongo! Sehemu kubwa ya magharibi na North Rift udongo umejaa asidi, na DAP, ile mbolea ya kupandia, tuliyomwaga miaka nenda miaka rudi imechangia. Asidi ikizidi, fosforasi inakwama udongoni, mahindi hayaifikii hata uongeze mfuko wa pili. Dawa yake inajulikana: chokaa, samadi, kubadilisha mimea, maharagwe yapate zamu yake. Chokaa haina picha nzuri ya kampeni, basi inasahaulika, na mkulima anarudi mwaka ujao kuomba DAP nyingine.

Na atamuuliza nani? Katiba ya 2010 ilipeleka kilimo kaunti, sera ikabaki Nairobi. Kwa hiyo mbolea inanunuliwa na serikali kuu, afisa wa kilimo wa kumweleza mama aitumie vipi ni wa kaunti, na kijijini kwetu afisa huyo hajulikani hata sura. Hii ndiyo inayoniuma kuliko bei. Tunatumia mabilioni kumpa mtu dawa bila daktari.

Halafu 2024. Mifuko isiyokuwa na virutubisho vilivyoandikwa juu yake ikauzwa kupitia mpango wa serikali wenyewe, wakulima wakapanda nayo. Bunge likapiga kura kutaka waziri wa kilimo aondolewe, na kabla ya wiki mbili kuisha kamati ikasema hakuna shtaka lililothibitishwa. Fidia iliahidiwa. Msimu je, unafidiwaje?

Galana Kulalu, ule mradi wa serikali wa kilimo cha umwagiliaji, siigusi sana, ekari milioni moja tulizoahidiwa kila mtu anajua zilikoishia. Ila Maputo 2003 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo, na Kenya bado haijakaribia. Mbunge wako umewahi kumsikia akiuliza hilo?

Ninachotaka ni vitu vya kawaida kabisa. Mbolea iwe depo Februari. Chokaa iingie kwenye ruzuku ile ile. Vibali vya kuagiza mahindi bila ushuru visitolewe wakati watu wanavuna. Na bei ya kununua itangazwe kabla ya kupanda, si baada ya mahindi kukauka shambani na mabroka kuwahi.

Walioko Kitale, Moi's Bridge, Ziwa, Bungoma: mbolea imefika kwenu? Andikeni depo na tarehe hapa chini. Nataka tuikusanye orodha hiyo tuipeleke kwa kamati ya kilimo ya Bunge kabla hawajatuambia kwamba ilifika kwa wakati.