Kufifisha nyuma ya picha za ndege na sokwe: Photoshop, GIMP, programu ya simu, au ninunue lenzi tu?

Mtoto wa Bangwe
Wakuu, habari za jioni. Kuna mama anamalizia nyumba ya wageni huku Kigoma, ameniomba picha za kutundika ukutani: ndege wa ziwani na sokwe wa Gombe. Picha ninazo. Shida ni nyuma. Matete, matawi, mtumbwi wa watu, vyote vinaonekana vizuri kuliko hata ndege mwenyewe. Nataka nyuma ilainike, ndege ajitokeze. Sasa nilipie Photoshop, nijifunze GIMP, zote za kuhariri picha kwenye kompyuta, nimalizane na Snapseed kwenye simu, au hela hiyo niongezee nichukue lenzi ya 50mm f/1.8? Advansi inaingia wiki hii, nishaurini kabla haijapata kazi nyingine.

Fundi Pikseli
Kamera gani? Ulipigia lenzi gani? Kompyuta ina RAM ngapi? Picha zitachapwa ukubwa gani? Unaulizia dawa bila kutaja ugonjwa.

Mwisho wa Reli
Snapseed mkuu. Bure, haili bando, unaediti umekaa kijiweni Kibirizi unasubiri boti. Mengine ni kujitesa.

Fundi Pikseli
Snapseed inakupa umbo la duara au mstari, basi. Mdiria hana umbo la duara. Mdomo ukichomoza nje ya duara unafifia pamoja na matete.

Mwisho wa Reli
Duara unalivuta linakuwa yai, unalizungusha linamfuata ndege. Nimeuza picha za namna hiyo na hakuna mteja aliyewahi kuja na rula.

Dada Lenzi
Ukungu wa kweli unatoka kwenye kioo, siyo kwenye programu. Nunua lenzi, lala mapema.

Bando Limekata
Naweka kambi hapa, na mimi nina shida kama hiyo.

Mtoto wa Bangwe
Samahani wakuu, nilikuwa sokoni. Kamera ni Canon 1300D na lenzi yake iliyokuja nayo, 18-55. Laptopu ina RAM 4. Ukubwa wa kuchapa mama anasema tu "kubwa kubwa". Nimepiga JPEG.

Fundi Pikseli
Basi Photoshop imejitoa yenyewe. Adobe, wenye Photoshop, kima chao cha chini ni RAM 8, na wanashauri 16. Halafu siku hizi hununui mara moja ukamaliza. Toleo la mwisho la kununua lilikuwa CS6 la 2012, tangu 2013 ni kodi ya kila mwezi, kwa dola, kwa kadi. Usipolipa, imefungwa.

Kwako ni GIMP. Ni bure, na tangu toleo la 3.0 lililotoka 2025 ukiweka ukungu unaweza kurudi kuupunguza baadaye bila kuanza upya. Affinity, programu nyingine ya picha, nayo ni bure tangu Oktoba 2025, lakini kwa RAM 4 siwezi kukuahidi kitu.

Kipusa wa Gungu
Photoshop ya kudokoa ipo kila mahali jamani, msimtishe mwenzenu.

Fundi Pikseli
Na virusi vyake vipo kila mahali. Akipoteza picha za mteja utamlipa wewe?

Kasulu Kwetu
Mwakeye wote. Naomba niseme yaliyonikuta, labda yatamsaidia kijana. Jina la studio naliacha.

Nilimpiga furukombe kule Malagarasi inakoingilia ziwani. Amenyanyua samaki, maji bado yanamchuruzika, nyuma kuna matete na kwa mbali milima ya Kongo. Picha niliipenda kuliko zote nilizowahi kupiga. Mimi mambo ya kompyuta siyawezi, nikawapelekea studio moja wanitolee matete, wakaniambia niwaachie, ni kazi ndogo. Jioni wakanituma kwenye simu, nikaona safi kabisa, nikalipia kanvasi kubwa.

Imekuja kanvasi. Kichwa cha furukombe mnajua ni cheupe. Sasa kuzunguka kichwa kuna weupe umemwagika kwenye kijani, kama ndege amewashiwa taa kisogoni. Mguu mmoja kucha hazipo, zimefifia na maji, kwa hiyo samaki ameshikwa na mguu mmoja, mwingine unaning'inia hewani. Matone yaliyokuwa yanachuruzika yamefutika yote. Na kilichoniuma zaidi ni maji. Maji yaliyo chini yake kabisa, karibu unayagusa, yana ukungu uleule wa milima iliyo ng'ambo ya ziwa. Ndege amekuwa kama amekatwa kwenye gazeti akabandikwa.

Nimerudi kulalamika naambiwa hiyo ndiyo staili ya sasa. Hela haikurudi. Shemeji yangu akaiona ukutani akauliza huyo ni kuku wa nani. Nikaishusha.

Bando Limekata
Kuku wa nani 😂😂

Fundi Pikseli
Pole sana mzee wangu. Hiyo studio walifanya kile ambacho kila mtu anafanya: wakamzungushia ndege mstari, wakageuza, wakatia ukungu kwenye yote yaliyobaki. Ukungu wa kompyuta kazi yake ni kuchanganya rangi za jirani. Ndege bado yumo kwenye picha ya nyuma, kwa hiyo weupe wa kichwa chake unachanganywa na kijani unamwagika nje. Ndiyo hiyo taa.

Mtoto wa Bangwe, hapa usikilize. Fanya leya mbili. Ya juu mkate ndege peke yake, taratibu, kwa zana ya njia (unamchora ukingoni nukta kwa nukta) na siyo fimbo ya uchawi (inayochagua rangi zinazofanana yenyewe). Ya chini MFUTE ndege kabisa, ziba pengo lake kwa matete ya jirani kwa zana ya kunakili. Haihitaji kupendeza, maana itafifia. Ndipo utie ukungu ile ya chini. Hakuna weupe wa kumwagika kwa sababu ndege hayupo tena.

Kuhusu maji: tumia maski yenye mteremko, yaani kifuniko kinachoamua ukungu uingie wapi na kwa kiasi gani. Tawi alilokalia na maji yaliyo usawa wake yaache, halafu ukungu uongezeke kadiri unavyokwenda mbali. Mwisho rudisha chenga kidogo, vile vidoti vidogo vya picha, kwenye nyuma. Ukungu unafuta chenga zote, na ndege amebaki na zake, jicho linashtuka hata kama mtu hajui kwa nini.

Mtoto wa Bangwe
Asante mkuu. Na ukungu upi? Naona kuna Gaussian na nyingine.

Fundi Pikseli
Gaussian inapaka tu. Vile vimulimuli vya jua kwenye maji inavigeuza tope la kijivu. Ile ya lenzi inavifanya visahani vya mwanga, kama kamera ingefanya. Picha za ziwani tumia ya lenzi.

Kipusa wa Gungu
Lightroom, ile programu nyingine ya Adobe, mbona ina kitu hicho tangu 2023, inapima yenyewe kipi kiko karibu na kipi kiko mbali, unarekebisha kwa brashi. Hiyo kazi yote ya nini?

Fundi Pikseli
Ipo, na inajitahidi. Ila ni Adobe walewale, kodi ileile. Na mpe sokwe uone itakavyofanya manyoya ya mabega.

Dada Lenzi
Narudi kwenye lenzi, na safari hii na hesabu. Mm zikiwa nyingi lenzi inavuta karibu, namba ya f ikiwa ndogo tundu lake ni pana. Sokwe hukaribii chini ya mita 10. Kwa 1300D, ukiwa mita 10 na 55mm f/5.6, kinachoonekana wazi kina kina cha kama mita 8. Sokwe, mti wake, na mti wa jirani yake. Ndiyo maana nyuma haifi! Ukiwa na 50mm f/1.8 inashuka karibu mita 3. Ukiwa na 250mm f/5.6 ni sentimita 35 hivi. Kwa hiyo hata hiyo 50mm unayoitamani siyo ya ndege wala sokwe, ni ya harusi. Tafuta 55-250.

Mwisho wa Reli
f/5.6 kwenye msitu wa Gombe? Flashi hairuhusiwi kule. Utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, mpaka sokwe aote mchanga. f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 10 zaidi.

Dada Lenzi
Chenga zinasafishika. Sokwe mdogo kama njugu katikati ya picha hasafishiki.

Kasulu Kwetu
Samahani, lakini picha si ameshazipiga? Lenzi itazirudia vipi?

Dada Lenzi
Aende tena.

Kasulu Kwetu
Boti, kiingilio, mwongozaji, nani analipa?

Mzee wa Ujiji
Nyie vijana mnadanganya watu. Mpiga picha Van Lawick alifika Gombe 1962 na kamera za filamu, kompyuta hakuna, na dunia nzima ikaziona picha zake. Mtumbwi upo kwenye picha kwa sababu upo ziwani. Mwaka 2018 mashindano ya picha za wanyamapori, Wildlife Photographer of the Year, walimvua mtu tuzo kwa ujanja wa namna hii.

Fundi Pikseli
Mzee shikamoo. Yule walimvua kwa sababu walijiridhisha kwamba mla-mchwa aliyempiga Brazil alikuwa wa kukaushwa, wa kuwekwa kabatini. Mwenyewe alikana. Halikuwa suala la ukungu. Ila kweli, mashindano ya namna ile ukiondoa mtumbwi hawakupokei. Hapa tunapamba chumba cha wageni.

Mzee wa Ujiji
Marahaba. Mgeni atakayelala humo asubuhi atakwenda ziwani, ataukuta mtumbwi.

Mtoto wa Bangwe
Mzee, mtumbwi sitautoa, nitaufifisha tu. Wakuu, nimeongea na mama, anataka moja ya ukuta mzima sebuleni.

Fundi Pikseli
1300D ina pikseli 5184 kwa 3456. Kwa nukta 150 kwa inchi hiyo ni kama inchi 34 kwa 23. Ukuta mzima mwambie apake rangi.

Bando Limekata
Na kama ndege umemkata kwenye kona ya picha, hizo inchi zinapungua tena, si ndiyo?

Fundi Pikseli
Zinapungua sana. Mtoto wa Bangwe, picha hujaweka hata moja, tunaongea gizani. Iweke.

Mtoto wa Bangwe
Bando likikaa sawa nitaziweka. Ila mama sasa anaulizia na picha ya Liemba.

Mzee wa Ujiji
Meli ya 1913 hiyo. Usimfute hata kutu.

Kipusa wa Gungu
Dada Lenzi, hiyo 55-250 ya mtumba unaijua inapopatikana? Siyo kwa ajili yake, kwa ajili yangu.

Dada Lenzi
Ipo moja ya rafiki yangu kule Mwanga, pete ya kuzumia inakaza kidogo. Njoo inboksi.

Mwisho wa Reli
Inakaza kidogo au haizunguki? Maana nadhani naijua hiyo lenzi.