"Panda baiskeli": leo yule wa dirishani kavuka mpaka

Wakuu, salamu baadaye.

Mnamjua. Yule karani wa dirisha la maulizo chuoni, wa kikombe cha kahawa saizi ya ndoo. Leo kaulizwa kistaarabu kabisa, mbele ya wanafunzi wageni: kipindi kikiisha chuo cha Amherst saa 5:15 na kingine kikianza chuo cha Smith saa 5:30, mtu afikeje? Hata uso hakuinua. "Panda baiskeli."

Januari! Massachusetts! Mate yanaganda kabla hayajagusa chini! BAISKELI!

Kwa wageni wa jukwaa: Amherst, Smith, Mount Holyoke, Hampshire na UMass (Chuo Kikuu cha Massachusetts) ni vyuo vitano vyenye umoja wao tangu 1965. Unasoma kozi chuo jirani bila kuongezewa ada. Kwenye karatasi ni pilau. Ila Amherst hadi Smith ni maili kama 8, na mto Connecticut uko katikati. Basi la B43 linafuata barabara ya 9, linapita maduka ya Hadley, kisha linabanana na magari mengine darajani. Nusu saa, siku ikikupenda. Kwa hiyo unaacha kipindi kizima kitupu katikati, na unafungua ratiba ya basi KABLA ya kumwomba mwalimu ruhusa, tena ya tarehe husika, maana chuo kikifunga mabasi hupungua. Na kila chuo kina kalenda yake. Likizo yako si likizo ya jirani.

Haya ndiyo anayolipwa kuyasema. Akasema nini? Panda baiskeli.

Kipanya Mtoro: Punguza povu mkuu. Njia ya baiskeli ipo, Northampton mpaka Amherst, palikuwa reli zamani. Jamaa kasema kweli 😂

Mleta mada: Maili 8 kwa dakika 15 ni zaidi ya maili 30 kwa saa. Hiyo ni bodaboda.

Bi Krediti: Mnalilia basi? Kozi nyingi za UMass ni krediti 3 (pointi za kuhesabia digrii), Smith kozi ya kawaida ni 4, na digrii ya huko inataka 128. Usidhani 3 itageuka 4 ikivuka daraja. Muulize msajili wa chuo CHAKO kabla hujajisajili.

Div Tatu: Afadhali nyie mna cha kuhesabu. Hampshire hakuna A wala B, unaandikiwa maelezo. Mjomba akiuliza matokeo unamsomea insha.

Mzee wa Claremont: Huku California vyuo vimepakana, tunatembea kwa miguu. Poleni 🚶🏾

Kipanya Mtoro: Nani kakuuliza?

Kabati la Vitabu: Mnajua vitabu vya ziada vya maktaba za vyuo hivi vitano viliwahi kuwekwa kwenye handaki la jeshi la anga la enzi za Vita Baridi, ndani ya mlima?

Div Tatu: Yule wa dirishani angefaa kuhifadhiwa humo.

Bi Krediti: Halafu kile kituo chao cha lugha si kinafundisha Kiswahili? Mtu wa Tanga akijisajili si anaokota A tu?

Kabati la Vitabu: Wa Tanga sawa. Wewe wa "nimesha mwambia" utafeli.

Mleta mada: Jamani, baiskeli…

Bi Krediti: Fungua uzi mwingine, hapa tunajadili Kiswahili.