Picha sita ukutani: parokia iwatundike Weusi wa Marekani kabla Roma haijawatangaza?

Mleta hoja

Tumsifu Yesu Kristo. Naleta hoja, watu wachambue.

Tangu 1990 Wakatoliki Weusi wa Marekani wameutenga mwezi wa Novemba kukumbuka historia yao. Mwezi huo ukikaribia, halmashauri nyingi za parokia huko hukabiliwa na mapendekezo mawili. La kwanza ni kutundika kanisani picha za Wamarekani Weusi sita ambao kesi zao za utakatifu ziko njiani: Pierre Toussaint, Mama Mary Lange, Henriette Delille, Padre Augustus Tolton, Julia Greeley na Sista Thea Bowman. La pili ni ibada ya toba kwa dhambi ya utumwa na ubaguzi, ikiongozwa na paroko mwenyewe.

Wanaounga mkono wanasema kanisa lenye Weupe, Weusi wenyeji, Wahaiti na Wakongo haliwezi kuwa na kuta zenye sura za Ulaya tupu. Wanaopinga wanasema hiyo ni siasa iliyovaa kanzu, na tena hao sita si watakatifu. Karibuni. Hoja, siyo matusi.

Msomaji wa kanoni

Tuanze na sheria maana wengi huiruka. Kanoni (kifungu cha sheria ya Kanisa) ya 1187 inaruhusu heshima ya hadhara kwa wale tu ambao Kanisa limewaorodhesha kuwa watakatifu au wenyeheri, hatua moja chini ya utakatifu. Katika hao sita hayumo hata mmoja. Toussaint (1996), Delille (2010), Tolton (2019) na Lange (2023) wametambuliwa fadhila zao za kishujaa, kwa hiyo wanaitwa Waheshimiwa. Greeley na Bowman bado ni Watumishi wa Mungu, hatua iliyo chini ya hiyo.

Msidhani huu ni urasimu mtupu. Tangu amri za Papa Urbano VIII, karne ya 17, kesi lazima ithibitishe kwamba mhusika hajaanza kufanyiwa ibada ya hadhara kabla ya wakati wake. Askofu au mjumbe wake hukagua kaburi, chumba alichofia na popote panapoweza kuwa na dalili, kisha tamko linaandikwa na kuingia kwenye faili. Sasa parokia ikimchora Tolton na duara la nuru kichwani, ikamweka juu ya altare ya pembeni, ikaongeza stendi ya mishumaa na benchi la kupigia magoti, basi wanaompenda ndio wanaomkwamisha.

Mnachoweza kufanya ni hiki: picha isiyo na nuru, kwenye ukuta wa pembeni, kwenye baraza la kuingilia au ukumbi wa parokia, kibao chenye jina, miaka na hadhi yake ilivyo leo, sala binafsi kadiri mtu apendavyo, na sala ya kuomba atangazwe, iliyopata kibali cha askofu. Msimtaje kwenye litania ya watakatifu, msimwekee Misa kwa heshima yake, msiliite kanisa kwa jina lake. Ndiyo sheria ileile ya Mwalimu Nyerere, ambaye kesi yake ilifunguliwa jimbo la Musoma mwaka 2005. Picha yake mtaikuta ofisi nyingi Tanzania na hakuna ubaya, lakini padre akiiwashia mshumaa pembeni ya altare atakuwa anamharibia.

Mkatoliki asiye na chama

Asante, basi hoja imekwisha. Watakatifu Weusi waliokwisha kutangazwa tunao. Martini wa Porres sikukuu yake ni 3 Novemba, ndani ya mwezi huohuo mnaoutaka. Yosefina Bakhita 8 Februari. Benedikto Mwafrika, aliyetangazwa 1807, 4 Aprili. Karoli Lwanga na wenzake, mashahidi wa Uganda, 3 Juni. Hao washie mishumaa hadi sakristia iishiwe. Mnatafutaje sita kwa kipimo cha rangi na uraia?

Na msomaji wa kanoni angesogeza jicho hadi 1188: picha kanisani ziwe na kiasi na mpangilio, waumini wasishangazwe. Leo Weusi sita, kesho Wafilipino watadai sita wao na Wapolandi sita wao. Wagalatia 3:28 inajulikana: hapana Myahudi wala Myunani, hapana mtumwa wala huru. Ubaguzi unaponywa kwa kusali pamoja kama familia moja, wala hauponywi kwa kugawana kuta.

Binti wa Mtakatifu Monika

Kaka, hiyo "familia moja" ina historia yake Marekani. Mwaka 1953 huko Newton Grove, North Carolina, Askofu Vincent Waters aliunganisha parokia ya Weusi na ya Weupe. Alikuwa jasiri, na Weupe wengi walimgomea. Lakini kanisa lililofungwa lilikuwa la Weusi. Miaka ya 1960 na 1970 mtindo huo ukaenea majimbo mengi: kwa jina la umoja, parokia na shule ya Weusi inafungwa, watu wanahamishiwa kwa Weupe, na kule hawakuti sanamu yao, wimbo wao wala mzee wao kwenye halmashauri. Kuta anazoziona Mkatoliki asiye na chama kuwa hazina upande zilipatikana hivyo.

Kuhusu kusubiri Roma, pigeni hesabu. Katharine Drexel, mtawa mweupe aliyetumia takriban dola milioni 20 za urithi wake kwa shule za Weusi na Wahindi Wekundu, alifariki 1955 na akatangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000, siku moja na Bakhita. Miaka 45. Mary Lange, mwanamke Mweusi aliyeanzisha shirika la watawa Weusi Baltimore mwaka 1829, wakati utumwa bado halali Maryland, alifariki 1882. Kufika tu hatua ya Mheshimiwa imechukua miaka 141. Shirika la Drexel lenyewe kwa miongo mingi halikupokea wasichana Weusi. Kusubiri siyo jambo lisilo na upande.

Lwanga na Bakhita nawaheshimu sana. Ila parokia ya Maryland au Louisiana ikiwaweka hao peke yao, inakuwa imejichagulia Weusi wa mbali ambao haiwadai na hawaidai.

Karani wa kesi

Dada, hesabu ni sahihi ila lawama isielekezwe Roma yote. Kesi ya Lange ilifunguliwa Baltimore mwaka 1991 tu. Kwa zaidi ya miaka mia moja jimbo lake halikuanza, na Roma haiwezi kuhukumu faili ambalo halijafika.

Kuna kosa kubwa zaidi ambalo halijatajwa hapa, na parokia nyingi zenye nia njema hulifanya: novena (sala ya siku tisa) moja kwa wote sita. Mtu anaugua saratani, kanisa zima linasali kwa Toussaint, Lange, Delille, Tolton, Greeley na Bowman kwa pamoja, mgonjwa anapona. Muujiza huo ni wa nani? Kwa kesi, hauna mwenyewe. Uponyaji lazima uhusishwe na maombezi ya mtu mmoja, na mashahidi waseme walianza kumwomba yeye lini na nani mwingine aliombwa. Waheshimiwa wanne hawa kinachowakwamisha leo ni muujiza mmoja wa kuwafanya wenyeheri, na novena ya mkusanyiko inautupa kabla haujachunguzwa.

Parokia ikitaka kusaidia kweli, ichague mmoja. Mtu akiugua, andikeni tarehe ya kuanza sala na majina ya wanaosali. Mgonjwa aombe nakala za vipimo vya kabla na vya baada: picha za skani zenyewe, majibu ya maabara, orodha ya dawa alizotumia. Barua ya daktari peke yake haitoshi. Tume ya madaktari Roma ina wataalamu hadi saba, na kwa kanuni za 2016 wanapokuwa saba lazima watano wakubali kwamba kupona kulikuwa kwa haraka, kamili, kwa kudumu na hakuelezeki kisayansi. Kesi nyingi huanguka kwa sababu mgonjwa aliendelea na matibabu ambayo yangeweza kumponya, au kwa sababu makaratasi ya kabla ya sala hayapo.

Mwanakwaya wa Misa ya Kiswahili

Niguse upande wetu wahamiaji. Parokia zenye Misa ya Kiswahili, nyingi zikiwa na Wakongo waliopitia kambi za wakimbizi, huwa zinafanya makosa mawili kwa mpigo. Kamati inaona picha ya Lwanga ni ya "Waafrika" na ya Tolton ni ya "Weusi wa hapa", kila kundi na fremu yake. Na sisi nao tunasema utumwa wa Missouri hautuhusu, tuleteeni Kizito wa Uganda na ngoma zetu.

Tolton alizaliwa mtumwa huko Missouri mwaka 1854. Seminari za Marekani zilimkataa, akaenda kusoma Roma, na alitegemea kupelekwa Afrika kuwa mmisionari. Alipadrishwa tarehe 24 Aprili 1886. Tarehe 3 Juni mwaka huohuo Lwanga alichomwa moto Namugongo, wiki zisizofika sita baadaye. Roma ikaamua Tolton arudi Illinois, kwa watu walewale waliomkataa. Wawekeni hao wawili ukuta mmoja na mtoto wa katekisimu ataelewa bila mhadhara.

Kwa Wakongo, wapo Anuarite (mwenyeheri tangu 1985) na Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana wa ukaguzi wa bidhaa aliyekataa rushwa ili apitishe chakula kibovu, akauawa 2007, akatangazwa mwenyeheri Juni 2025. Ila tahadhari: heshima ya kiliturujia ya mwenyeheri ina mipaka ya jimbo au nchi iliyoruhusiwa. Picha sawa. Kumwingiza kwenye kalenda ya Misa huko Marekani kunahitaji kibali.

Mkatoliki asiye na chama

La novena sikulijua, nalipokea. Picha za ukumbini sizipingi tena. Ibada ya toba bado naikataa. Paroko wa kutoka Vietnam au Nigeria anaomba radhi kwa niaba ya nani? Muumini ambaye babu yake alishuka melini kutoka Sicily mwaka 1910 anatubu nini? Na radhi ikishasomwa watu wanapiga makofi, wanakunywa kahawa, Jumatatu hakuna kilichobadilika.

Mhifadhi wa rejista

Hapo pa kahawa nakubaliana naye kabisa. Toba ya jumla isiyotaja tendo, tarehe wala jina haigusi mtu. Kwa hiyo ibada isiwe hatua ya kwanza. Anzeni na vitabu vya parokia.

Parokia za kabla ya 1865 za Maryland, Louisiana, Kentucky na Missouri zilibatiza watumwa na kuwaandika. Louisiana kuna vitabu tofauti kwa watu wa rangi. Mstari wa kawaida una tarehe, jina moja la mtoto, jina la mama, wasimamizi, na jina la mwenye mtumwa. Jina la ukoo mara nyingi hakuna. Ndiyo sababu mtu akitafuta kwa ukoo wa leo anatoka mikono mitupu na kusema "hatukuwa na watumwa hapa". Tafuteni kwa jina la mmiliki.

Kazi yenyewe: kitabu kiwekwe juu ya mito miwili ili kisifunguke hadi kulala bapa, maana mgongo utapasuka. Mikono iwe safi na mikavu. Piga picha kila ukurasa, hata mtupu, kwa nukta 400 kwa inchi. Halafu jedwali: ukurasa, tarehe, jina kama lilivyoandikwa, mama, baba kama yupo, wasimamizi, mmiliki, padre. Msisahihishe tahajia, "Ceily" na "Celia" wanaweza kuwa mtu mmoja au wawili, na ukisawazisha umefuta ushahidi. Wasimamizi msiwaruke, kwani mara nyingi ndio ndugu waliobaki. Vitabu vya zamani huenda viko hifadhi ya jimbo, kwa hiyo kibali kiombwe kule mapema.

Kisha unganisheni na sensa. Ya 1850 na 1860 iliorodhesha watumwa chini ya mmiliki kwa umri na jinsia, bila majina. Ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote waliokuwa watumwa kwa jina na ukoo. Anzeni 1870 mrudi nyuma. Mkianza 1790 kuja mbele mtapotea njiani.

Hivyo ndivyo mambo ya Georgetown, chuo kikuu cha Wajesuiti, yalivyopata uzito. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliuza watu 272 kwa wenye mashamba wa Louisiana kwa dola 115,000. Masharti kutoka Roma yalikuwa familia zisitenganishwe na fedha zisilipe madeni. Yote mawili yalivunjwa. Kwa kuwa majina yalikuwepo kwenye karatasi za mauzo, wazao walitafutwa na wakapatikana, na radhi ya 2017 ilisomwa mbele yao. Ahadi ya dola milioni 100 kwa mfuko wa wazao ilikuja 2021, na bado watu wanabishana kama inatosha, jambo ambalo ni haki yao.

Kwa paroko wa Vietnam: haombi radhi kwa niaba ya ukoo wake. Anaomba kama mwenye ofisi iliyoandika mstari ule na ambayo bado ina kitabu kabatini. Ibada hiyo si sakramenti, na ondoleo la jumla la dhambi lisiingizwe humo. Somo, majina yasomwe polepole, kimya, sala ya waumini. Na mlango wa kitabu uwe wazi kwa wazao wiki inayofuata.

Mleta hoja

Swali la vitendo kabla hatujafunga. Wakikubali picha, ziwekwe wapi hasa?

Msomaji wa kanoni

Zisikae katikati ya vituo 14 vya Njia ya Msalaba; Ijumaa za Kwaresima mwandamano utavurugika na watu watadhani ni vituo vya ziada. Baraza la kuingilia ni bora, mbali na stendi za mishumaa, kwani masizi yanaharibu turubai. Sentimita 60 kwa 90 inatosha. Picha za Tolton ni za karne ya 19, hazina shida ya haki miliki. Za Thea Bowman, aliyefariki 1990, mwulizeni mwenye picha na mpate ruhusa kwa maandishi. Greeley alipoteza jicho utotoni kwa mjeledi wa bwana wake, na wachoraji wengine hulirudisha. Kataeni mchoro huo.

Mfano mzuri uko Washington, kwenye Basilika ya Taifa: kikanisa cha Mama Yetu wa Afrika, 1997, chenye sanamu za ukutani zinazosimulia safari kuanzia meli ya watumwa. Ni historia, hakuna anayeiita ibada ya kabla ya wakati.

Na mkumbuke kanoni ya 536: halmashauri ina kura ya ushauri tu. Mpelekeeni paroko barua mbili badala ya moja. Ya vitabu anaweza kuisaini wiki hii. Ya picha itapita kwanza tume ya liturujia ya jimbo, na huko foleni ni ndefu.