Simu imeninyima mkopo wa palizi. Majimbo ya Marekani yana sheria, sisi Mtwara tunashika wapi?

MamaZuhura_Kitangari

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine habari za kazi. Naomba wenye kujua sheria mnisaidie.

Mimi ni mkulima wa korosho huku Kitangari, Newala. Majuzi niliomba mkopo kwenye programu moja ya simu, jina nalihifadhi. Laki tatu tu, nilipe vibarua wa palizi majani yasinizidi kabla ya kuanza kupulizia. Nikajaza yote, namba ya NIDA, picha ya uso, ruhusa ya kusoma ujumbe wangu. Nikatuma. Simu sijaiweka chini, jibu limeingia: hujakidhi vigezo.

Vigezo gani? Nikapiga huduma kwa wateja. Binti aliyepokea akanijibu kwa upole kabisa kwamba anayeamua ni mfumo, na hata wao pale sababu hawaioni.

Hilo ndilo limenikaa rohoni. Kunyimwa mkopo si jambo geni kwangu. Chama chetu cha kukopa kimewahi kuninyima, lakini mwenyekiti alinitazama usoni akasema, Mama Zuhura, deni la mwaka jana halijaisha. Nikaelewa, nikalimaliza, nikarudi nikapewa. Safari hii nirekebishe nini, na nani wa kumuuliza?

Nina dhana yangu. Korosho zangu zinakwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, zinaingia ghalani, zinapigwa mnada, na malipo yanatua kwenye akaunti ya benki msimu ukichanganya, Novemba mpaka Januari hivi. Ukifungua simu yangu mwezi wa tano hukuti kitu ila vocha na pesa kidogo anazonitumia mwanangu kutoka Dar. Mashine ikinipima kwa simu inaniona sina kipato, wakati shamba limejaa mikorosho inayozaa. Anayeuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wa magendo, analipwa papo hapo kwenye simu kwa bei ya kunyonywa, huenda ndiye anayeonekana ana kipato! Wallahi nikiwaza hivyo nakosa usingizi, maana tumehimizwa miaka yote tufuate stakabadhi ghalani, huo mfumo wa ghala na mnada, na tumefuata.

Sasa mwanangu ananiambia huko Marekani majimbo yametunga sheria za kuzibana kampuni zinazotumia akili mnemba (AI) kuamua mambo ya watu. Ni kweli? Zinasema nini? Na sisi Mkoa wa Mtwara, au hata halmashauri yetu, tunaweza kutunga ya kwetu? Nawasilisha.

Mzee_Mingoyo

Marahaba Mama Zuhura. Nimetumikia mahakama hadi kustaafu, sasa niko hapa Lindi, na jambo hili nalifuatilia.

Mwanao amesema kweli. Bunge lao la nchi nzima halijatunga sheria moja pana ya akili mnemba, kwa hiyo majimbo yameingia wenyewe. Inayokuhusu wewe moja kwa moja ni ya jimbo la Colorado, iliyosainiwa 17 Mei 2024. Ilivyosainiwa, ilitaja maamuzi mazito: ajira, elimu, mikopo, nyumba, bima, matibabu. Kampuni inayotumia mashine katika maamuzi hayo ilitakiwa imwambie mtu mapema kwamba mashine inatumika. Ikimkatalia, imtajie sababu kuu, impe nafasi ya kusahihisha taarifa zake zilizokosewa, na impe njia ya kukata rufaa ili binadamu aangalie upya pale inapowezekana kiufundi. Mwenyekiti wako wa chama alikufanyia hayo bila kuandikiwa na mtu.

Lakini usidhani wenzetu wamefika. Sheria hiyo ilikuwa ianze 1 Februari 2026, wenye kampuni wakalalamika, Bunge la jimbo likaisogeza hadi 30 Juni 2026. Na kwa jinsi ilivyotungwa mwaka 2024, mwananchi hakupewa nafasi ya kuishtaki kampuni mwenyewe kwa sheria hiyo. Kazi hiyo aliachiwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Hapo mimi siwaungi mkono. Haki ambayo mwenyewe huwezi kuibebea mlangoni kwa hakimu ina nguvu nusu.

Jimbo la Illinois walianza zamani zaidi. Tangu 1 Januari 2020, mwajiri anayetumia mashine kupima video za usaili lazima amjulishe mwombaji, amweleze inavyofanya kazi na apate ridhaa yake. Na tangu 1 Januari 2026 mwajiri amekatazwa kutumia akili mnemba kwa namna inayobagua, ikiwemo kuchukua namba za posta za mahali anapoishi mtu kama kisingizio cha kubagua rangi au kundi lake. Soma sentensi hiyo mara mbili, wewe unayeandika “Kitangari” kwenye kila fomu.

Kuhusu swali lako la mwisho, hapana. Colorado ina Bunge lake na gavana wake wa kusaini. Mkoa wa Mtwara hauna Bunge. Halmashauri inatunga sheria ndogo za mambo yake, ushuru, masoko, usafi, na haiwezi kumwamuru mkopeshaji wa mtandaoni aliyeko Dar.

Kijana_Shangani

Mzee heshima yako, ila naomba nitofautiane kidogo. Mimi na mwenzangu hapa Mtwara mjini tunatengeneza programu ya kujibu maswali ya wakulima, ugonjwa wa ubwiri unga, muda wa kupulizia salfa, mambo hayo. Tuko wawili. Zikiletwa sheria kama za Colorado, za kuandika ripoti na tathmini kila mwaka, sisi tunafunga. Kampuni kubwa zina wanasheria, zitabaki peke yake. Hata Marekani wenyewe, si walitaka kuzifuta hizo sheria za majimbo?

Mzee_Mingoyo

Mwanangu, hoja yako ina uzito na si vema kuipuuza. Ila tazama mambo mawili.

Colorado waliwafikiria wadogo. Katika sheria yao ya 2024, kampuni inayotumia mfumo na yenye wafanyakazi chini ya 50 ilisamehewa sehemu kubwa ya huo mzigo wa tathmini, ikitimiza masharti fulani. Tena programu inayomweleza mkulima lini apulizie haimnyimi mtu mkopo wala kazi. Haya wameyaandika kwa anayeamua riziki ya mwenzake.

La kuzifuta, ni kweli lilijaribiwa. Mwaka 2025 ilipendekezwa majimbo yazuiwe kusimamia akili mnemba kwa miaka 10. Seneti ikakiondoa kipengele hicho 1 Julai 2025 kwa kura 99 kwa 1. Desemba mwaka huohuo Rais Trump akatoa amri ya kiutendaji inayotaka sheria za majimbo zipingwe mahakamani. Mvutano haujaisha.

Sekela_Nachi

Mimi niko Nachingwea. Naomba niseme, Kijana, kwamba kutaja sababu hakuhitaji mwanasheria. Niliomba kazi ya uhasibu mahali fulani, nikaambiwa nijirekodi video nikijibu maswali. Nilirekodi usiku kwa taa ya sola maana umeme ulikatika. Siku ya pili nikajibiwa sikuchaguliwa, na kwamba “tathmini ya awali” ilifanywa na mfumo. Je, ni majibu yangu, au ni giza? Nikijua ni giza, ninakwenda kwa shangazi mwenye jenereta narekodi upya. Mtu akikosa sababu hawezi kujirekebisha, kama alivyosema Mama Zuhura. Ningekuwa na haki ile ya Illinois ningeuliza kabla ya kurekodi.

MamaZuhura_Kitangari

Sekela mwanangu, pole sana. Umelisema lililo moyoni mwangu.

Mzee wangu asante. Basi kama mkoa hauwezi, tusubiri Bunge la Dodoma tu? Palizi haisubiri.

Mzee_Mingoyo

Hapana, usisubiri. Nilikuwa nalifikia hilo.

Tanzania hatuanzi mikono mitupu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Haikutungwa kwa ajili ya akili mnemba, lakini kifungu cha 36 kinagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake. Kama uamuzi unakuathiri kwa uzito, una haki ya kudai usitegemee mtambo pekee, ujulishwe kwamba ulifanywa hivyo, na uombe ufikiriwe upya. Una haki pia ya kuuliza wana taarifa gani zako na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Na sheria hii ni ya nchi nzima, Kitangari na Nachingwea mmo.

Jambo jingine la lazima. Hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kama wako ni wa aina hiyo, usimwandikie hata mstari. Ondoa programu, funga ruhusa ya kusoma ujumbe wako, toa taarifa.

Akiwa na leseni, andika barua. Fupi.

MamaZuhura_Kitangari

Nimeangalia orodha, leseni anayo. Nimeandika hivi, nirekebishieni:

“Mimi ni mteja wenu. Niliomba mkopo wa shilingi 300,000 mkanijibu sijakidhi vigezo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, naomba mnijulishe kama uamuzi huo ulifanywa na mfumo peke yake, taarifa zangu zipi zilitumika, na sababu ya kunikatalia. Kipato changu ni cha korosho, kinapita AMCOS na benki, hakipiti kwenye simu. Naomba mtu aangalie ombi langu upya pamoja na stakabadhi zangu za ghala za msimu uliopita ninazoambatisha.”

Kijana_Shangani

Mama hii imekaa vizuri sana. Nimebadili mawazo upande mmoja: nikiletewa barua kama hii hata sisi wawili tunaweza kuijibu kwa nusu saa.

Mzee_Mingoyo

Imekaa vizuri. Ongeza tarehe na saa uliyotuma ombi, na namba ya kumbukumbu kama walikupa. Omba wakujibu kwa maandishi, usikubali simu. Stakabadhi peleka nakala, asili zibaki kwako. Wakikaa kimya, barua hiyohiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye lalamiko kwa Tume, kwa hiyo tunza ushahidi wa siku uliyoituma. Sekela, na wewe andika yako. Badala ya mkopo weka usaili, na uulize video yako iko wapi sasa na itafutwa lini.