Nachora banda la wanawake wa mwani Micheweni, nishaurini

MchorajiWete
Assalamu alaykum. Mie ni fundi mchundo wa majenzi, nimesomea Unguja, sasa nimerudi kwetu Pemba. Ushirika mmoja wa wanawake wa mwani upande wa Micheweni wamenitaka niwachoree banda. Mfadhili yupo, na picha yake anayo tayari: jengo la matofali kando ya barabara, bati la rangi, madirisha ya vioo, kibao kikubwa mbele. Zuri, sikatai. Ila bamvua hii, maji yanapojaa na kupwa sana, nimeshinda nao pwani na sijaona nani atapata nafasi ya kwenda kukaa barabarani.

Maji yakipwa wanaingia, ikiwa alfajiri, ikiwa jua la utosi. Wakitoka, gunia liko kichwani na maji yanachuruzika mpaka kanga zinagandana na miili. Mwani wanaumwaga juu ya makuti yaliyotandikwa mchangani, kisha wanabanana chini ya mti mmoja wa mkungu kufunga mbegu kwenye kamba. Mwenye mtoto mchanga humlaza ndani ya beseni, akamfunika kanga. Choo ni vichakani, na vichaka vyenyewe vinazidi kukatwa.

Sasa niambieni: bati au makuti? Nataka pia kuwawekea meza za urefu wa kiuno, migongo inawauma. Na choo nikiweke wapi, maana pale ukichimba kidogo tu maji haya hapa.

(Fundi aliyeletwa kuangalia kiwanja aliniuliza mimi, futi iko mkononi mwangu, "Msimamizi atakuja saa ngapi?" Nikamwambia keshafika.)

FundiMawe
Wa alaykumu salaam mwanangu. Pwani chumvi inakula kila kitu. Bati la kawaida litaanzia kutoboka kwenye misumari, na nondo zikitiwa mchanga wa bahari zitavimba na kupasua zege. Kama lazima saruji, mchanga usiwe wa pwani.

Mie nimefanya kazi Mji Mkongwe. Kuta zile ni mawe na chokaa, zinapumua. Ukipiga plasta ya saruji juu yake umefungia unyevu ndani, na ukuta unaoza taratibu huku unaonekana mpya. Na umewahi kujiuliza kwa nini vyumba vya kule ni vyembamba? Boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Siku hizi mikoko usiiguse, tumia mvinje, na banda lako lichore kwa kipimo cha mti utakaoupata, usichore kwanza ukaanza kutafuta mti.

Makuti ni baridi, lakini yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Waulize wenyewe nani atalipa mfadhili akishaondoka.

MamaKambaPaje
Dada, meza waachie wenye ofisi. Sie huku tuliletewa. Kufunga mbegu kunataka kukaa chini, miguu umeinyoosha, kamba imepita mapajani, mwenzako yuko mbele yako mnapiga soga. Meza zetu zimekuwa za kuwekea vikapu. Ukitaka kutuponya migongo tujengee baraza ya mawe, ya ndani, yenye ukuta wa kuegemea. Wanaume wana zao nje mitaani, sie tupe uani.

Na usiuweke mwani na watu chini ya paa moja. Mwani unataka jua, sie tunataka kivuli. Pesa ya vioo vile ingetosha vichanja vya kuanikia, upepo upite chini na mchanga usipande, maana mchanga ukiwemo mnunuzi anakata bei.

La mwisho, karatasi. Ardhi ya Zanzibar ni ya serikali, unachopewa ni haki ya kuitumia, kwa Sheria ya 1992. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, kabla ya msingi, na liandikwe jina la ushirika. Pwani ikishapendeza wenyewe hujitokeza.

Mwanafunzi_Usanifu
Msome Yasmeen Lari, mwanamke wa kwanza msanifu majengo Pakistani. Alishastaafu mwaka 2000, tetemeko la 2005 likamrudisha kazini, akawa anajenga na wanavijiji kwa mianzi, udongo na chokaa. Ana jiko la udongo lililoinuliwa juu ya jukwaa, mafuriko yasilifikie, mpishi asiiname kwenye moshi. Wanawake hulijenga wenyewe, na anayewafundisha wengine hulipwa kidogo kwa kila jiko. Mwaka 2023 wasanifu wa Uingereza walimpa Medali ya Dhahabu ya Kifalme.

MchorajiWete
Shukran. Mianzi kwetu sina uhakika nayo, ila hilo la kujenga wenyewe nimelipenda: baraza na plasta ya chokaa wafanye wao, walipwe. Meza nimezifuta. Ukuta mzito nitauweka upande wa kusi, masika yanapigia huko, kaskazini pabaki wazi. Choo bado hakijanikaa.

FundiMawe
Usichimbe, inua. Jenga vyumba viwili vya kinyesi juu ya ardhi, chini sakafu ya zege isiyovuja, kimoja kikijaa unakiziba na kutumia cha pili. Majivu kila mtu anapotoka. Kiwe mbali na kisima.

MamaKambaPaje
Na mlango usielekee diko, wanapofikia wavuvi na vyombo vyao! Wavuvi wakikuona unaingia, utabana mpaka ufike nyumbani.

MchorajiWete
Hahaa, nimekuelewa. Bamvua ijayo nitapiga vigingi na kamba pale pale mchangani, kila mmoja apite mlangoni na gunia lake kichwani nione kama anaenea. Picha za vipimo nitamtumia mfadhili, kibao chake atakipata. Mwenye kujua wapi Pemba chokaa bado inachomwa, aniandikie.