Ofisi inataka kupima stresi zetu kupitia sauti, nisaini au nigome?

Mtoto wa Sirari:
Wakuu habari za jioni. Niko kol senta moja hapa Dar, sitaitaja. Mabosi wameleta programu inasikiliza simu zetu zote alafu pembeni ya jina lako inaweka rangi, kijani uko poa, njano kichwa kimeanza kujaa, nyekundu umezidiwa, na tumepewa fomu tusaini kwamba tumeridhia. Sasa kwenye majaribio mimi nyekundu karibu muda wote na najiona niko freshi kabisa, ni mtu wa Tarime mimi sauti yangu iko juu tangu nazaliwa, wakati yule dada wa Tanga ninayekaa naye jirani ambaye kazi imemshinda hadi analia chooni, yeye kijani tupu. Hivi kweli mashine inaweza kujua mzigo wa kichwani kwa sauti? Na wanasema wenye nyekundu nyingi wataitwa HR.

kiroboto_sugu:
Ongea kama huyo wa Tanga mkuu, shida imeisha 😂

Fundi Mawimbi:
Mkuu sio uchawi na sio uongo wote. Mtu akibanwa misuli ya koo inakaza, nyuzi za sauti zinatetemeka kwa kasi zaidi, sauti inapanda, tena anaweza kuongea harakaharaka au akaanza kukatakata na kuvuta "eeeh" nyingi. Mwaka 1937 lile lidege la puto la Wajerumani, Hindenburg, lilipowaka moto kule New Jersey kuna mtangazaji wa redio Herbert Morrison alikuwa anarekodi, baadae wataalamu wakapima ile rekodi, kabla ya moto na baada, sauti imepanda waziwazi. Ila cheki walichofanya, wamemlinganisha yeye na yeye. Wanaume wengi tunaongea kati ya 85 na 180 Hz (yaani nyuzi za koo zinatetemeka mara ngapi kwa sekunde), wanawake 165 mpaka 255, sasa ukiweka mstari mmoja kwa ofisi nzima unapima nini hapo? Alafu ukumbi wenye kelele kila mtu anapandisha sauti bila kujijua, hilo Mfaransa Lombard alishalisema tangu 1911. Waulize mambo mawili: programu imechukua sauti yako ya kawaida ukiwa umetulia? Na inarekodi kwenye hedseti au kwenye laini? Laini ya kawaida ya simu inabeba 300 mpaka 3400 Hz, ule mtetemo wenyewe wa koo lako unakatwa hapohapo, mashine inabaki kuukisia.

Mama Tumaini:
Na imefundishwa kwa sauti za nani? Kuna mkusanyiko wa rekodi za sauti wa Berlin unatumika sana kwenye haya mambo, waigizaji 10 wanajifanya wamekasirika kwa Kijerumani. Mkurya yumo humo?

Wakili wa Kijiweni:
Usisaini haraka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, unaweza kuandika kwa maandishi kwamba hutaki uamuzi mzito juu yako ufanywe na mashine peke yake. Wenzetu Ulaya tangu Februari 2025 mwajiri haruhusiwi kabisa kusoma hisia za wafanyakazi kwa mashine, labda iwe sababu ya matibabu au usalama.

Dingi Mstaafu:
Polisi wa Marekani walinunua sana hizi mashine za kupima stresi kwa sauti kwa ajili ya kukamata waongo. Ripoti ya 2008 ya wizara yao ya sheria, wamehoji mahabusu kuhusu dawa za kulevya kisha wakapima mkojo, waliodanganya mashine ikawanasa 15 tu kwa 100. Kama bosi anataka kujua mzigo si awaulize? NASA wenyewe tangu 1988 wana fomu ya maswali sita ya kupima mzigo wa kazi, inauliza mambo kama haraka, bidii, kukereka, unajaza mwenyewe unamaliza.

Mtoto wa Sirari:
Nimemuuliza supavaiza hilo la sauti ya kawaida, kanijibu kwenye WhatsApp "sistimu ndo inajua".

Wakili wa Kijiweni:
Skrinshoti hiyo meseji leo leo, kabla hajaifuta.